Saruji, Upepo na Nyumba Tunazojenga



Nimeombwa nizungumze juu ya nishati na hewa ukaa katika majengo. Naanza na dai langu moja kwa moja ili kila mmoja alipime kadiri ninavyoendelea. Nyumba ya mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja inachafua anga zaidi kwa saruji iliyomo ukutani kuliko kwa swichi zilizo juu ya ukuta huo. Sehemu ya swichi bado ni ndogo, lakini inakua kila mwaka kwa sababu ya viyoyozi, na hiyo nayo huamuliwa siku mchoraji anapoiweka ramani juu ya kiwanja na kuchagua dirisha litazame wapi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi huwa imekwisha kufanywa, vizuri au vibaya, kabla mwenye nyumba hajahamia.

Nasema hivi kwa sababu mazungumzo mengi ya majengo na tabianchi yametungwa katika nchi za baridi. Uingereza na Ujerumani nyumba inakula gesi miezi mingi ya mwaka ili watu wapate joto. Mwanafunzi wetu anayesoma vitabu vyao hukuta sura baada ya sura juu ya kuziba nyufa, kuzivisha kuta sufi na kuweka vioo viwili au vitatu katika dirisha moja. Kwao ni elimu nzuri. Ukiileta Mbagala ukaziba nyufa, umemfungia mtu ndani ya joto.

Dunia nzima, majengo na ujenzi vinabeba zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa inayotokana na nishati na viwanda. Saruji peke yake ni kama asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa yote inayotolewa na binadamu. Katika nchi tajiri, ambako nyumba nyingi zilishajengwa, mzigo mkubwa ni uendeshaji: kupasha joto, kupoza, taa, maji ya moto. Kwetu ni kinyume, kwa sababu tuko katikati ya kujenga. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu milioni 4.36, na ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Milioni moja zaidi katika miaka kumi, na kila mmoja wao alihitaji ukuta na paa.

Basi tuanze na ukuta.

Mnakijua kilima cha Wazo, Dar es Salaam. Kiwanda cha saruji kilianza kazi pale mwaka 1966, miaka michache baada ya Uhuru, kwa sababu kilima chenyewe ni jiwe la chokaa lililojengwa na viumbe wa bahari ya kale. Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kiwanda kilitangulia mwaka 1954 kwa sababu hiyohiyo. Jiwe la chokaa limefunga kaboni ndani yake. Ukilipasha moto mkali, kaboni hiyo inatoka ikiwa hewa ukaa, na hesabu yake haibadiliki popote duniani: kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 56 za chokaa iliyochomwa na kilo 44 za hewa ukaa. Hapo bado hatujahesabu moto wenyewe. Ili jiwe na udongo viungane kuwa klinka, zile punje ngumu za kijivu zinazosagwa kuwa saruji, tanuru lazima lifike nyuzi 1,450 hivi.

Ukijumlisha hewa ukaa yote ya kiwanda cha saruji, takribani asilimia 60 imetoka katika jiwe na iliyobaki imetoka katika moto. Nawaomba mlishike jambo hili, kwa sababu linaeleza kwa nini saruji ni ngumu kusafisha kuliko umeme. Wazo walipoanza kutumia gesi asilia ya Songo Songo, uchafu uliopungua ni wa upande wa moto. Jiwe liliendelea kutoa kilekile. Hata kama kesho tanuru lingewashwa kwa umeme wa jua mtupu, zile kilo 44 zingetoka vilevile.

Sasa tuingie dukani. Mfuko mmoja wa kilo 50, kutegemea aina yake, umeshatoa hewani kilo 30 hadi 40 za hewa ukaa kabla haujapakiwa kwenye toroli. Tuchukue nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, isiyo na ghorofa. Jumlisha msingi, jamvi, tofali, lenta, ripu ya ndani na nje, sakafu na shimo la maji taka. Fundi yeyote aliyeketi hapa hatashangaa nikisema mifuko 300, na wengine watasema nimepunguza. Tukichukua kilo 35 kwa mfuko, ni tani 10 na nusu za hewa ukaa, bila kuhesabu nondo, bati, vigae wala malori.

Mtanzania wa kawaida, ukigawa hewa ukaa ya mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji ya nchi nzima kwa idadi ya watu, anatoa chini ya theluthi moja ya tani kwa mwaka. Nyumba yake ya vyumba vitatu, kwa saruji tu, ni sawa na zaidi ya miaka 30 ya fungu lake hilo. Na tani hizo zote zinatoka mwanzoni, kabla ya ufunguo kukabidhiwa. Hazirudi. Kweli, upande wa umeme tumepiga hatua: Bwawa la Julius Nyerere la Tanzania lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na Kenya takribani asilimia 90 ya umeme inatoka katika mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Haya ni mambo ya kujivunia, na yanaufanya umeme wetu uwe safi kuliko wa nchi nyingi tajiri. Lakini gridi iliyosafishwa mwaka huu haiwezi kusafisha saruji iliyomwagwa mwaka jana.

Najua swali linalowawasha baadhi yenu. Je, tuache kujenga? Hapana, na naomba nieleweke. China peke yake inazalisha karibu nusu ya saruji ya dunia, na Ulaya na Marekani zilimwaga zege yao zamani bila kuulizwa na mtu. Mama anayejenga chumba kimoja kila mwaka Chanika kwa fedha za vikoba hana deni lolote kwa anga, na atakayesimama kumwambia asijenge atanikuta nimesimama upande wa mama huyo. Ninachodai ni kwamba nyumba ileile, yenye vyumba vilevile na nguvu ileile, inaweza kujengwa kwa saruji pungufu na ikakaa baridi zaidi. Saruji inayozidi inamtoka mama huyo mfukoni kabla haijaenda angani.

Chukueni mfuko mtupu wa saruji muusome. Chini ya picha ya mnyama au ya mlima kuna maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi hawayatazami: CEM I, CEM II, CEM IV, kisha herufi A au B, kisha 32.5 au 42.5. CEM I ni klinka karibu tupu, asilimia 95 na kuendelea. CEM II ina klinka kati ya asilimia 65 na 94, na iliyobaki ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, au majivu ya volkano, au kitu kingine cha aina hiyo. CEM IV ni ile ya majivu, na ikiwa na herufi B klinka yake inaweza kushuka hadi asilimia 45. Namba inayofuata ni nguvu: niutoni 32.5 au 42.5 kwa kila milimita ya mraba, zikipimwa siku ya 28. Kwa hiyo mfuko unajieleza wenyewe umebeba kaboni kiasi gani, na unafaa kazi gani.

Na sisi tunafanya nini? Tunanunua 42.5 kwa nguzo na lenta, ambako inafaa, kisha tunaipigia ripu ileile. Ripu haibebi ghorofa. Tofali la ukuta wa nyumba ya chini halibebi ghorofa. Kazi hizo zinatosheka na 32.5 yenye majivu, ambayo ni rahisi kwa bei, laini kwa mwiko, na klinka yake kwa kawaida ni ndogo. Nimesikia mara nyingi fundi akimwambia mwenye nyumba kwamba saruji yenye majivu ni saruji iliyochakachuliwa. Si kweli. Majivu ya volkano humaliza kazi yake taratibu, huendelea kukaza kwa miezi, na kwa misingi iliyo karibu na maji ya chumvi yana faida kubwa, kwa sababu zege yake hupitisha chumvi kwa shida. Sisi watu wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuidai. Na majivu tunayo: Rungwe yamejaa, na Bonde la Ufa kule Kenya vilevile.

Ipo njia nyingine mpya kidogo. Profesa Karen Scrivener wa Lausanne, Uswisi, pamoja na Fernando Martirena wa Cuba na wenzao wa India, walitengeneza saruji ambayo nusu tu ndiyo klinka. Nusu nyingine ni udongo wa mfinyanzi uliopashwa joto la nyuzi 700 hadi 850, jiwe la chokaa lisilochomwa, na jasi kidogo. Hewa ukaa hupungua kwa hadi asilimia 40. Udongo unaofaa ni ule wenye kaolini, nao katika nchi za joto umetapakaa. Hauhitaji kuwa mweupe safi kama wa viwanda vya vyungu. Pugu, hapo nje ya jiji, pana kaolini inayojulikana kwa miaka mingi. Pana pia msitu wa hifadhi, na sitaki mtu atoke hapa akisema mhadhiri ametuma watu wakachimbe msitu. Udongo wa namna hiyo upo sehemu nyingi zisizo na msitu. Wataalamu wetu wa jiolojia waupime, viwanda vyetu viujaribu.

Lakini hata kabla ya saruji mpya, ipo inayopotea pale kwenye kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mafundi wapo.

Zege inachanganywa chini, juu ya ardhi, kwa koleo. Kokoto, mchanga, saruji, kisha maji. Mfuko mmoja unahitaji maji lita 25 hivi, ukihesabu na unyevu uliomo mchangani. Lakini zege ya lita 25 ni nzito kuisukuma, vijana wamechoka, jua linawaka, na nondo za lenta zimebanana. Mtu anaongeza ndoo. Zege inalainika, inateleza vizuri ndani ya mbao, kila mtu anapumua. Yale maji yaliyozidi hayatumiki. Yanakauka na kuacha vijitundu ndani ya zege, na ukifika lita 35 kwa mfuko umepoteza zaidi ya robo ya nguvu. Mhandisi naye anajua hali ya kazi zetu, kwa hiyo anajihami: anaandika mchanganyiko mzito zaidi na nguzo nene zaidi kuliko mzigo unavyotaka. Saruji inaongezwa ili kufidia maji.

Kisha kumwagilia. Zege haikauki kama nguo. Inakaza kwa kunywa maji, na inahitaji kubaki na unyevu kwa siku 7 angalau. Zege iliyoachwa juani toka siku ya pili inaweza kubaki na kama nusu tu ya nguvu ambayo ingeipata. Magunia yaliyoloweshwa, karatasi ya nailoni, mchanga wenye maji: hakuna kati ya hivi kilicho ghali. Tukimwagilia zege yetu yote ipasavyo, na wahandisi wakaweza kuiamini, tutapunguza saruji kwa wingi bila kujenga kiwanda hata kimoja kipya.

Tofali la kuchoma nitalipitia haraka, kwa sababu mengi yameshasemwa. Iringa, Mbeya, Morogoro, Burundi, matanuru ya tofali yamekula miti kwa miaka mingi, na moto wake mwingi unaishia angani badala ya kuingia kwenye udongo. Tofali la udongo la kufungamana, lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kutiwa saruji kidogo, halichomwi, linapangwa bila udongo mwingi wa kuunganishia, na ukuta wake hauhitaji ripu kwa nje ukiwa na upenu mzuri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora, NHBRA, ulilihubiri kwa miaka mingi. Watu wengi wa mijini hawakulipenda kwa sababu moja: linafanana na udongo, na udongo kwao ni umaskini. Kule Kigali uwanja wa kriketi uliomalizika mwaka 2017 una mapaa makubwa ya tao yaliyojengwa kwa vigae vya udongo ulioshindiliwa, usiochomwa. Nadhani kazi nzuri ya namna hiyo ndiyo itakayoiondoa aibu ya udongo kuliko semina.

Sasa mtaniuliza: na wazee wetu? Pwani hii ilijenga kwa mawe karne nyingi kabla ya saruji. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nyumba za Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja, vyote ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ili kuipata chokaa, magogo yalipangwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu, moto ukawashwa, na chokaa iliyopatikana ikazimwa kwa maji. Chokaa huchomwa kwa nyuzi 900 hivi, mbali sana na 1,450 za saruji. Na ina sifa ambayo saruji haina kwa kiwango hicho: ikikaa ukutani inaivuta hewa ukaa kutoka angani, taratibu, na kurudi kuwa jiwe. Sehemu kubwa ya kaboni iliyotoka katika jiwe inarudi humo. Ile iliyotoka katika kuni hairudi mpaka mti mwingine uote.

Sisemi turudi huko. Matumbawe ni nyumba ya samaki, na mikoko ni kinga ya fukwe. Jiji la watu milioni tano haliwezi kujengwa kwa vitu hivyo bila kuiua bahari. Ninachowaomba wanaokarabati nyumba za zamani ni wasizipige ripu ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka chini na kutokea usoni. Ukiuvika saruji, unyevu unabaki ndani, chumvi inakusanyika, chokaa inalegea, na baada ya miaka kadhaa ripu inabanduka pamoja na nyama ya ukuta. Hapo saruji imetumika, kaboni imetoka, na nyumba iliyosimama karne mbili imefupishiwa maisha. Nyumba iliyokwisha kujengwa ndiyo nyumba yenye kaboni ndogo kuliko zote, na kuitunza ni kazi ya heshima.

Tutoke ukutani twende kwenye upepo.

Kuna nyumba ambayo wengi wetu tulizaliwa ndani yake au jirani yake, Magomeni, Ilala, Temeke: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa barazani hadi mlango wa uani. Jikoni na maliwato viko nyuma, mbali na vyumba vya kulala. Milango yote miwili ikifunguliwa, ukumbi unavuta upepo mchana kutwa. Mtoto anatandikiwa mkeka pale na kulala usingizi mzito saa nane mchana. Juu ya kuta za vyumba kuna nafasi chini ya paa, hewa ya moto inapanda na kutoka. Nyumba hiyo haina mota hata moja. Tukaiacha tulipoanza kupata fedha, tukachukua ramani yenye sebule iliyojifunga, dirisha la alumini la kusukuma ambalo hata likifunguliwa ni nusu tu, na dari ya jasi iliyobanwa chini ya bati bila mahali pa joto kutokea.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na mahali hapo pametupa bahati ambayo hatuitumii. Mwezi Juni jua la adhuhuri linaegemea upande wa kaskazini nyuzi kama 30 kutoka utosini. Desemba linaegemea kusini nyuzi kama 17 tu. Maana yake, dirisha linalotazama kaskazini au kusini linapata jua la juu, na jua la juu linazuiwa kirahisi: upenu wa sentimita 60 unalitia dirisha la kaskazini kivuli cha mita nzima hata Juni. Dirisha la magharibi halina msaada huo. Saa kumi alasiri jua limeshuka, linaingia chini ya upenu, na upenu huohuo unakinga sentimita 35 hivi tu. Na pepo zetu? Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, kusi inatoka kusini na kusini-mashariki. Nyumba ndefu iliyolala mashariki hadi magharibi, yenye madirisha yake kaskazini na kusini, inalikwepa jua na kuupokea upepo wa misimu yote miwili. Jua na upepo wa mahali hapa vinakubaliana, na kuvifuata hakuhitaji shilingi ya ziada.

Ukivipuuza, unalipa. Mita moja ya mraba ya kioo kitupu kilichotazama magharibi, alasiri isiyo na mawingu, inaingiza ndani kama wati 500 za joto. Kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho ndicho kinachouzwa sana madukani, kinaondoa wati 3,500. Kwa hiyo mita saba za kioo cha magharibi zinatosha kumaliza nguvu za kiyoyozi kizima kabla hakijampoza binadamu yeyote. Kiyoyozi hicho kinakula umeme kama kilowati moja. Feni ya darini inakula wati 60 hivi, na katika chumba chenye kivuli na upepo feni inatosha siku nyingi za mwaka. Sisemi zote. Februari Dar es Salaam ni Februari, na wodi ya hospitali au chumba cha mitambo kina mahitaji yake.

Kiyoyozi kina hatari nyingine isiyoonekana kwenye mita ya Luku. Gesi inayozunguka ndani yake, hasa ile ya R-410A, kilo moja ikivuja inapasha dunia joto sawa na tani 2 hivi za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Kiyoyozi cha chumba kina kilo moja au karibu na hapo. Fundi anapohamisha mashine na kuifungulia gesi hewani kwa sababu hana chombo cha kuivutia, ametoa dakika moja kiasi kinacholingana na mifuko zaidi ya 50 ya saruji. Mwezi Oktoba 2016, Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na makubaliano hayo yamebeba jina la mji wa jirani zetu. Zipo gesi zenye madhara madogo zaidi. Mafundi wa friji na viyoyozi wanastahili vifaa vya kukusanyia gesi na mafunzo ya kuvitumia, na hilo ni jambo la serikali na waagizaji, si la kumlaumu kijana wa mtaani.

Minara ya vioo inayopanda katikati ya jiji sitaisema sana. Mliopo mnaofanya kazi ndani yake mnajua ofisi ya upande wa magharibi ilivyo alasiri, pazia limeshushwa na taa zimewashwa mchana. Ningependa wanafunzi wa usanifu watembee hadi Soko la Kariakoo wakalitazame kwa makini. Beda Amuli alilichora likajengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, la zege tupu, lenye miavuli mikubwa inayotia kivuli, inayokusanya maji ya mvua na kuacha hewa ipite pande zote. Zege ile imetumika ikafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Turkana, chuo cha Startup Lions kilichosanifiwa na Francis Kéré na kumalizika mwaka 2021 kina minara mirefu ya kuvutia hewa ya moto juu, kwa mfano wa vichuguu vya mchwa wa hukohuko. Harare, jengo la Eastgate la Mick Pearce limekuwa likitumia hewa baridi ya usiku kupoza zege yake tangu 1996. Elimu ipo ndani ya bara hili.

Nani basi anaamua? Tumezoea kumtupia lawama mwenye nyumba. Lakini nyumba inatazama barabara, na barabara ilichorwa na mpimaji na ofisa mipango miji miaka mingi kabla ya mnunuzi kukiona kiwanja. Mtaa ukichorwa kwenda kaskazini hadi kusini, viwanja vyake vyote vinatazama mashariki au magharibi, na mamia ya familia yamehukumiwa jua la saa kumi kwa mstari mmoja wa kalamu. Ukiugeuza mtaa huohuo uende mashariki hadi magharibi, kila nyumba inapata kaskazini au kusini yake. Naamini uamuzi huo wa kwenye meza ya mpimaji una uzito kuliko kampeni yoyote ya balbu, na ni bure wakati eneo bado ni pori. Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga, Fumba: maeneo hayo yanapimwa sasa hivi.

Nina ombi moja mahususi kwa walio serikalini. Mwaka 2021 hadi 2022 Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, kwa kasi ambayo wengi hatukuitarajia. Madarasa ya umma hujengwa kwa ramani za mfano, na ramani ya mfano haijui kaskazini ya kiwanja iko wapi. Darasa linaelekezwa lilingane na geti au na jengo lililotangulia. Mtoto wa darasa lenye madirisha ya magharibi anasoma hesabu ya alasiri akikodoa macho kwa mwanga, bati likiwaka juu yake. Wizara inayohusika iweke katika kila ramani ya mfano mshale wa kaskazini, na sharti kwamba ukuta mrefu wa madirisha utazame kaskazini au kusini isipokuwa ardhi imekataa kabisa. Iandike kwenye orodha ya vifaa kwamba ripu na tofali ni 32.5 yenye majivu, na 42.5 ibaki kwenye nguzo, lenta na slabu. Mkaguzi asipitishe malipo ya zege bila daftari la kumwagilia la siku saba lenye saini. Hayo matatu yanaingia katika ukurasa mmoja wa waraka, na awamu ijayo ya madarasa inaweza kuanza nayo.